Asilimia Kumi na Tisa

Muuguzi Germana alitoka mahabusu ya kituo cha Karatu saa mbili asubuhi, kitenge alichojifunika kwa siku mbili amekikunja pembe nne na kukibana kwapani. Inspekta Dorkasi Bura alikuwa anamsubiri kaunta na bahasha yenye vitu vyake: simu, saa ya mkononi, rozari, na pini ya kifuani iliyoandikwa jina lake.

"Hakiki vitu vyako, dada Germana, halafu weka sahihi hapa."

Germana hakuhakiki. Aliweka sahihi.

"Majibu ya maabara yaliingia jana jioni," Dorkasi akasema. "Zile sindano za kuzuia damu ya uzazi ulizomchoma marehemu Nasha zilikuwa dawa kweli. Hakuna aliyetia maji. Ila dawa ilikuwa imekufa. Nguvu iliyobaki haifiki nusu."

"Nilikuambia siku ya kwanza. Nilichoma moja, damu haikukata. Nikachoma ya pili, ya tatu. Nilikuambia afande, ile dawa ilikuwa kama haijaingia mwilini."

"Uliniambia."

"Na wewe ukaniuliza nimeziuza kwa nani zile za kweli."

Dorkasi aliitazama ile sahihi kwenye daftari kana kwamba kuna herufi imekosekana. Mume wa marehemu, Sironka, ndiye aliyekuja kituoni na tuhuma hiyo. Mkewe alifia njiani, gari likiwa bado halijafika hospitali ya Endulen, na mtu aliyefiwa hivyo anahitaji mtu wa kumnyooshea kidole. Polisi hakupaswa kukifuata kidole haraka namna ile. Dorkasi alikifuata.

"Nitamwandikia mtendaji wa kata barua, aisome kwenye mkutano," alisema.

"Kina mama wa zahanati yangu kule Kakesio waliniona nikipandishwa kwenye gari lenu. Hiyo barua itafuta walichokiona?" Germana alibandika pini yake kifuani, akaona imekaa upande, akaiacha hivyo hivyo. Akatoka kuelekea stendi bila kuaga.

Konstebo Lomayani, aliyekuwa amerudi kutoka Kakesio usiku uliopita na vumbi likiwa bado kwenye nyusi, alisubiri mpaka mlango ulipofungwa. Ndipo akaweka simu yake mezani.

"Afande, friji la zahanati halina tatizo. Angalia."

Picha ilionyesha vichupa vya chanjo ya watoto vilivyopangwa kwenye friji la umeme wa jua. Kila kichupa kilikuwa na alama ndogo, mraba ndani ya duara.

"Joto likizidi, ule mraba unageuka mweusi na haurudi tena kuwa mweupe," Lomayani akaeleza. "Hivi vimekaa humo miezi miwili, pembeni kabisa ya zile sindano. Mraba bado mweupe. Friji lingezima hata siku chache, ungekuwa umeshageuka."

"Basi dawa ilifika zahanati ikiwa imeshakufa. Dereva aliyeupeleka mzigo je?"

"Raphaeli. Januari tisa alipita geti la hifadhi pale Lodoare saa mbili na dakika arobaini asubuhi, iko kwenye kitabu cha geti. Kakesio alifika saa tisa alasiri. Germana alipokea mzigo mbele ya mhudumu wa afya, na mhudumu anasema barafu kwenye boksi zilikuwa bado ngumu kama mawe. Nilitaka iwe dereva, afande. Ana kesi ya zamani ya kuuza mafuta ya gari. Lakini kwa hili hayumo."

Dorkasi alivuta koti lake kutoka kwenye kiti. Ukimtoa muuguzi, ukamtoa dereva, ilibaki nyumba moja tu ambamo zile sindano zililala.

*

Kampuni ya Hamidi Dawa za Jumla, iliyouza zile sindano, ilikuwa kwenye barabara kuu, mkabala na karakana ya magari ya watalii. Chini kulikuwa na stoo na dirisha la wateja, juu kulikuwa na ofisi. Mzee Hamidi mwenyewe alikuwa amepooza upande mmoja tangu mwaka juzi, na kampuni aliiongoza binti yake, Talha, mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyeacha kazi nzuri Dar es Salaam ili duka la baba yake lisifungwe. Alimpokea Dorkasi kwa chai ya tangawizi na uso wa mtu aliyelala vibaya.

"Habari ya yule mama imenifikia, afande. Inna lillahi. Uliza unachotaka, hapa sifichi kitu."

"Nataka kuona mwaka wenu ulivyokwenda."

Talha alishangaa kidogo. Pengine alitegemea aombwe leseni, au daftari la stoo. Alifungua droo, akatoa kijitabu chenye karatasi za kung'aa. Jalada lilikuwa na picha ya wafanyakazi kumi na mmoja wamesimama mbele ya stoo, mashati ya kijani, wote wanacheka. Juu yao kulikuwa na maneno: *Taarifa ya Mwaka: Tumejikaza, Tumesimama.*

"Nilikisoma mwenyewe mbele ya ndugu wenye hisa, wiki tatu zilizopita. Baba alilia."

Dorkasi alikisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Taarifa ilieleza bila kupamba kwamba soko la dawa la Karatu na Ngorongoro lilikuwa limekua kwa asilimia mbili tu mwaka mzima. Kaya nyingi za wafugaji zilikuwa zimehama, maduka madogo mawili yalikuwa yamefungwa, na wauzaji wa Arusha walikuwa wameanza kuleta mzigo mpaka mlangoni. Mauzo ya kampuni yalipanda asilimia tatu. Kisha ukurasa uliofuata, kwa herufi nene: faida ilikuwa imepanda asilimia kumi na tisa.

"Mmeuza karibu kama mwaka wa kabla yake," Dorkasi akasema. "Bei?"

"Bei sikuthubutu kugusa. Ningepandisha, wateja wote wangehamia Arusha."

"Basi kumi na tisa imetoka wapi?"

"Kwenye kubana matumizi." Talha alisogea mbele, hilo alikuwa amelieleza mara nyingi na lilikuwa bado linampa fahari. "Afande, mwezi wa tano nilikuwa na njia mbili. Nipunguze watu wanne, au nipunguze gharama. Nikawaita wote hapo chini, nikawaambia kila idara ipunguze theluthi ya matumizi yake, na mwezi kwa mwezi tutabandika matokeo ukutani. Walinisikia. Hakuna hata mmoja aliyefukuzwa."

Dorkasi alifungua ukurasa wa saba. Lilikuwepo jedwali dogo. Karatasi za ofisi, zimepungua. Mafuta ya magari, yamepungua kidogo. Umeme wa ofisi, umepungua. Umeme wa stoo, umepungua kwa asilimia ishirini na nane. Pembeni ya jedwali kulikuwa na picha ya mzee mwembamba, kofia mkononi, akipewa mkono na Talha mbele ya rundo la mabati ya zawadi. Maelezo yalisema: *Ndugu Inosenti Tsere, mtunza stoo, Mfanyakazi Bora wa Mwaka.*

"Huko stoo," Dorkasi akauliza, "mna vitu gani vinavyokula umeme?"

"Taa. Chumba cha baridi."

"Taa ngapi?"

"Nne. Tulishabadilisha zote tangu..."  Kikombe cha Talha kilisimama nusu ya njia kwenda mdomoni.

Nje gari la watalii lilikuwa linarudi nyuma kuingia karakana, likipiga king'ora chake kidogo tena na tena. Dorkasi alisubiri likamilishe.

"Nimepitia shirika la umeme nikija, nina orodha ya manunuzi yenu ya LUKU kwa mita ya stoo," alisema. "Mpaka mwezi wa tano, uniti elfu moja na mia tisa kila mwezi, hazipungui. Mwezi wa sita zinaanza kushuka. Desemba ni chini ya mia saba. Chumba cha baridi hakijui kubana matumizi, Talha. Kinawaka au kimezimwa. Ulimwuliza mzee Inosenti ameupunguza umeme wapi?"

"Sikumwuliza."

"Hata mara moja?"

"Nilimpigia makofi," Talha akasema. Sauti ilikuwa imeshuka mpaka Dorkasi akalazimika kuinama kumsikia. "Nilisimama mbele ya watu wote, nikampigia makofi."

*

Mtunza stoo alikuwa anapanga maboksi ya dawa za minyoo. Alikuwa mtu wa Mbulu, na mara Dorkasi alipofungua mdomo aliijua lafudhi yake, akamsalimia kwa Kiiraqw na kumwuliza kwao ni wapi. Dorkasi alimjibu kwa heshima, kisha akarudi kwenye Kiswahili, kwa sababu Lomayani alikuwa anaandika.

"Mzee Inosenti, umefanya kazi hapa muda gani?"

"Miaka ishirini na miwili, mwanangu. Mzee Hamidi alinichukua nikiwa nabeba magunia ya vitunguu sokoni. Kusoma orodha ya dawa alinifundisha yeye."

"Naomba daftari la joto la chumba cha baridi."

Alilileta bila kusita. Lilikuwa safi, limefunikwa kwa karatasi ya kalenda. Kila siku ya kazi, asubuhi na jioni, kulikuwa na tarakimu moja na sahihi. Dorkasi aligeuza kurasa za mwezi wa tatu: nne, tano, nne, sita, tano, tatu. Akageuza za mwezi wa nane: nne, nne, nne, nne. Za Novemba: nne, nne, nne.

"Chumba kilitulia sana mwishoni mwa mwaka."

"Mashine nzuri."

"Novemba kumi na nne umeme ulikatika Karatu nzima kwa matengenezo ya njia kubwa, kuanzia asubuhi mpaka kesho yake mchana. Naikumbuka kwa sababu kituoni tuliandika maelezo kwa tochi ya simu. Hapa umeandika nne asubuhi, nne jioni."

"Tuna jenereta."

"Lomayani, soma."

Lomayani alifungua daftari jingine alilopewa na Talha. "Dizeli ya jenereta ilinunuliwa mara ya mwisho Agosti tatu. Lita ishirini. Nimepima tenki sasa hivi, zimo zote."

Inosenti alivua kofia. Alitafuta pa kuiweka, akaishika tu.

"Usiku wa Karatu ni baridi," akasema. "Wewe wa Mbulu unajua. Mwezi wa sita, wa saba, ukiamka asubuhi unatoa moshi mdomoni. Nikajiambia, hii mashine usiku inafanya kazi ya nani, Mungu mwenyewe ameshaleta baridi. Nikawa nazima jioni nikifunga, nawasha asubuhi nikifungua. Kipimo kilikuwa kinasoma tisa, kumi. Inatakiwa isizidi nane. Mbili tu zimezidi, nikaandika nne."

"Halafu Oktoba ikaja na jua lake."

"Ikaja. Lakini namba za mwezi zilikuwa ukutani pale, jina la stoo juu kabisa. Ningewasha, namba ingepanda, wangeuliza stoo imekuwaje." Aliigeuza kofia mkononi. "Wenzangu wote walikuwa na kitu cha kupunguza. Ofisi walipunguza karatasi, madereva wakapunguza safari. Mimi nilikuwa na ile mashine tu. Nina miaka hamsini na tisa. Katika wale wanne wa kuondoka, wa kwanza angekuwa nani?"

"Desemba kipimo kilisoma ngapi?"

"Niliacha kukitazama."

Dorkasi alikwenda mpaka kwenye mlango mzito wa chumba cha baridi, akaufungua. Mashine ilikuwa inanguruma sasa. Mtu alikuwa ameiwasha baada ya habari za msiba kufika. Kwenye rafu ya kulia, mahali palipoandikwa *insulini*, hapakuwa na kitu. Vumbi jembamba lilikuwa limeifunika rafu nzima.

"Insulini mnauza?"

"Tunauza."

"Inakaa wapi?"

 Ni Talha, aliyekuwa amesimama ngazini muda wote huo, aliyejibu badala yake.

"Ipo kwenye friji la ofisini. La maziwa ya chai. Aliniomba nafasi mwezi wa nane, akasema rafu ya huku stoo imelegea."

Dorkasi alifunga ule mlango. Alipogeuka hakumwita tena mzee.

"Inosenti, ulihamisha insulini kwa sababu ulijua itaharibika."

"Ndiyo."

"Sindano za kina mama ukaziacha humo."

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini moja uihamishe na nyingine uiache?"

Alijibu akiitazama ile kofia. "Wa insulini wanakuja hapa dirishani. Mwalimu Modest wa sekondari. Mama wa mgahawa. Nawajua kwa majina. Kila mwezi wananiuliza hali ya nyumbani. Ingeharibika, wangerudi pale dirishani wakiwa wagonjwa, nikawatazama." Akapumua. "Zile nyingine zinapakiwa kwenye gari zinakwenda huko mbali. Huko sijawahi kufika."

Lomayani aliacha kuandika. Yeye alizaliwa huko mbali. Dorkasi alimwona akiikaza taya, kisha akiinamia tena karatasi na kuandika sentensi ile neno kwa neno.

Ushahidi ulikuwa umekamilika. Kulikuwa na daftari la joto, daftari la dizeli, orodha ya LUKU, friji la chai, na maneno ya mtuhumiwa mbele ya mashahidi wawili. Siku nyingine Dorkasi angetoa pingu hapo hapo. Lakini kuna jambo lilikuwa limemkaa kichwani tangu alipofunga mlango wa chumba cha baridi.

"Mzigo wa sindano ulioingia humu mwezi wa saba ulikwenda wapi kwingine, ukiacha Kakesio?"

"Zahanati kumi na tatu."

"Leo hii bado wanazo?"

"Wengine watakuwa nazo. Huwa wanachukua za miezi sita."

"Talha, unayo orodha ya simu?"

"Ya maofisi yao ninayo, lakini nyingi hazipokelewi."

"Namba za wauguzi wenyewe ninazo mimi," Inosenti akasema. "Huwa wananipigia wakiishiwa. Sauti yangu wanaijua. Akipiga polisi wataogopa, watasema hawana, watazificha. Mkinipa simu, nitawaambia."

Dorkasi alimtazama Lomayani. Konstebo aliinua mabega, halafu akavuta boksi la dawa za minyoo na kulisogeza ili mzee akae.

Saa ilikuwa sita kasoro walipoanza. Simu iliwekwa juu ya kreti, sauti imefunguliwa, Dorkasi ameshika orodha. Wa kwanza alipokea akicheka. "Baba Inosenti! Leo umenikumbuka?"

"Mwanangu, zile sindano za kuzuia damu nilizowapakilia tangu mwezi wa saba, msizitumie. Ziweke pembeni, funga, andika *mbovu*. Polisi watakuja kuzichukua."

"Zina nini?"

Inosenti alimtazama Dorkasi. Dorkasi hakumsaidia.

"Nilizima baridi," akasema. "Nilizima mashine makusudi. Ni mimi."

Upande wa pili kicheko kiliisha.

Alisema maneno hayo kwa wa pili, na kwa wa tatu. Wa nne alimtukana. Wa tano alikata simu, akapiga mwenyewe tena akitaka arudiwe vizuri, aandike. Wa sita alisema ana mama chumbani wakati huo huo, anasukuma, na wakamsikia akikimbia, akimwita mwenzake achukue pikipiki akaazime sindano hospitali. Talha alikuwa ameketi kwenye ngazi, kile kijitabu cha kung'aa magotini, akichora mstari mmoja kwa kalamu kila jina lilipofikiwa, juu ya picha ya jalada kwa sababu hakuwa na karatasi nyingine. Kila mara mzee alisema kwa ukamilifu, hakufupisha, *nilizima, ni mimi*, na sauti yake ikawa inakauka.

Wa kumi na moja alikuwa muuguzi aitwaye Hajira, kwenye zahanati ndogo ya mtu binafsi mbele ya mji wa Wasso. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha Lomayani akainama kutazama kama mtandao umekatika.

"Tangu mwezi wa saba, umesema?" Hajira akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Desemba tulipoteza mtu hapa. Damu ilikataa kukata. Nilichoma zote nilizokuwa nazo." Alikuwa anazungumza polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Kwenye ripoti niliandika amechelewa kufika. Sikuwa na kitu kingine cha kuandika. Lakini hakuchelewa, baba. Alikuja jana yake, akalala hapa hapa. Alitembea mwenyewe mpaka kitandani."

Inosenti aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kreti.

Dorkasi aliivuta simu upande wake. "Muuguzi Hajira, hapa ni Inspekta Dorkasi Bura, kituo cha Karatu. Hakuna anayekulaumu. Nisikilize: hakuna atakayekuja kukukamata. Naomba jina la marehemu."

"Naserian."

"Umri?"

"Ishirini na mmoja."

"Na mtoto?"

"Yupo. Wa kike. Bibi yake anamlea kwa maziwa ya mbuzi. Wiki iliyopita nilimpima, ameongezeka."

Lomayani alikuwa amefungua ukurasa mpya. Aliandika jina juu kabisa, akaandika tarehe chini yake, na kuacha nafasi kubwa iliyobaki. Hajira alikata simu bila kuaga.  Nyuma ya mlango mzito mashine iliendelea kunguruma, ikila umeme wake wote.

Mwishowe mzee aliinua uso, akafuta macho kwa kiganja, akanyoosha mkono kutafuta simu juu ya kreti.

"Zimebaki mbili," akasema, na akaanza kubonyeza namba.